Mahali Pasipo na Mtu

Mimi nilizaliwa Maua, kwa watu wa miraa, na kwetu ukitaka kukataa kitu unasema sitaki. Unasema mara moja, mwenzako anakasirika, mnanuniana wiki mbili, halafu mnakutana sokoni na maisha yanaendelea. Kisha nikaolewa na Njiru, nikaletwa huku Gakirwe, chini kidogo ya mji wa Embu, na ndipo nikagundua kuwa mume wangu, mama yake, ndugu zake na kijiji chake kizima hawana neno hilo. Sitanii. Nimekaa huku miaka ishirini na kitu, nimezaa huku, nimezika huku, na sijawahi kumsikia mtu wa Gakirwe akisema hapana akiwa amesimama mbele ya watu.

Kwenye baraza, mtu wa Gakirwe akitaka kukataa, kwanza anamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama. Anamshukuru chifu. Anaishukuru serikali kwa kutukumbuka. Anausifu mradi mpaka mwenye mradi anaanza kuona haya. Kisha anakohoa kidogo na kusema, "Ombi langu ni moja tu. Itafutwe mahali pasipo na mtu." Anaketi, anapigiwa makofi. Anayefuata anasimama, anasema hana mengi, anakubaliana na msemaji aliyetangulia, itafutwe mahali pasipo na mtu. Na wa tatu hivyo hivyo, mpaka jua linageuka na watu wa mradi wanaanza kutazama saa.

Sasa wewe zunguka Gakirwe yote unitafutie mahali pasipo na mtu. Huku hata ukingo wa barabara umepandwa sukuma wiki. Boma hili likiisha lile limeshaanza. Watu wa mradi wanatafuta, wanakosa, wanachoka, wanaenda kusumbua kijiji kingine. Walikuja watu wa kichinjio wakaenda. Walikuja wa machimbo ya mawe wakaenda. Hakuna aliyegombana na mtu, na hakuna aliyetajiwa shamba lake.

Mwanzoni sikuelewa. Baraza langu la kwanza, lile la kichinjio, nilisimama nikasema sitaki harufu ya damu karibu na shule, nikaketi. Njiru alitazama viatu vyake mpaka mkutano ukafungwa kwa maombi. Njiani akaniambia, taratibu kama kawaida yake, "Gatakaa, umemwaibisha mtu wa serikali." Nikamwambia ndiyo, ndicho nilichokwenda kufanya. Ilibidi mama mkwe anifundishe jikoni, sentensi kwa sentensi, jinsi ya kuwafukuza watu huku ukiwashukuru. Nilijifunza vizuri. Sasa mimi ndiye bingwa, na kukiwa na baraza chifu mwenyewe hunitafuta kwa macho nifungue maoni.

Basi mwaka jana wakaja watu wa maji taka. Mji umekua, kule mtaa wa Dallas watu wamejenga nyumba juu ya nyumba, na kila nyumba ina choo cha ndani, jambo zuri sana kwa mwenye choo. Lakini kinachoingia chooni lazima kitokee mahali. Wataalamu wakachora mistari yao wakaona kuwa kitu hicho kinapenda kuteremka, na ukiteremka kutoka mjini unatukuta sisi. Walihitaji pa kuchimba mabwawa manne ambamo maji hayo yatalala juani mpaka yatakate. Walieleza hivyo, yatalala juani, utadhani ni mahindi.

Afisa wa mradi alikuwa Nyamu, yule yule anayetumwa kwetu kila mara. Huyu ni mtoto wa huku huku, amezaliwa ng'ambo ya mto wetu, na mama yake alikuwa akisema mahali pasipo na mtu kwa ufundi kuliko sisi wote. Alikuja na msichana wa Nairobi anayeitwa Maxine, mpole, viatu vyeupe pepe siku ya mvua. Maxine ndiye aliyeleta mashine. Wao waliiita akili unde.

Nyamu alisimama katika ukumbi wa kanisa akatueleza kuwa mabaraza ya zamani yana kasoro. Ati wenye sauti kubwa ndio husikika, akanitazama. Ati wanyonge huogopa. Sasa kila mtu atasema peke yake, kwa simu yake, kwa Kiembu, kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kwa vyovyote Mungu alivyomjalia, na akili unde itawasikiliza wote kwa pamoja, iyapange maoni yao, itafute wanapokubaliana. Haichoki. Haipendelei. Haina ukoo, haikuoa huku, na haitaki chai. Wazee wakatingisha vichwa kwa heshima, maana hawajawahi kukutana na mtu wa serikali asiyetaka chai.

"Na ni siri," Maxine akaongeza kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Hakuna atakayejua nani amesema nini. Hata mimi sitajua."

Watu wa Gakirwe waliposikia neno siri waliketi vizuri.

Basi tukaanza kuongea na simu, kila mtu na kona yake. Wasio na simu ya kupapasa waliazimwa. Sauti ya mwanamke ilitusalimu kwa Kiembu chenye adabu kuliko cha pasta, ikauliza maoni yetu kuhusu mabwawa. Mimi nilikuwa wa kwanza, mazoea ni mazoea. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru chifu, nikaishukuru serikali, na sikujua itifaki ya mashine ikoje kwa hiyo nikaishukuru na yenyewe. Kisha nikaomba itafutwe mahali pasipo na mtu. Ikanishukuru pia. Ikaliandika neno langu bila jina na kuwaonyesha wengine, ikiwauliza kama wanakubali au hawakubali. Unadhani walifanya nini? Walikubaliana na msemaji aliyetangulia, safari hii kwa kidole.

Lydiah, mke wa ndugu yake Njiru, alinisogelea akiwa ameficha simu kifuani. "Umeiambia nini?"

"Kile cha siku zote. Wewe je?"

"Hicho hicho."

Tulicheka mpaka pasta akatugeukia. Tulijua wiki mbili hazitaisha kabla Nyamu hajachoka kutafuta.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu bonde, maana bila bonde huwezi kuelewa kwa nini naongea hivi.

Kina Njiru wana kahawa. Ni mteremko mzima, kutoka barabarani hadi karibu na mto, yeye na ndugu zake, na hati ya shamba bado ina jina la baba yao aliyekufa. Kahawa ni ya wanaume. Mimi huchuma, huchambua, hubeba hadi kiwandani, halafu siku ya malipo huambiwa bei ilikuwa mbaya. Lakini chini ya kahawa, pale mteremko unapoisha na udongo unapoanza kutoa maji, kuna kipande kisichomo katika hati ya mtu yeyote. Kiko kando ya mto, na serikali husema kando ya mto ni kwa umma. Mama mkwe alilima nduma pale tangu alipoolewa. Magoti yalipomshinda, alinishika mkono akaniteremsha, akanionyesha mitaro na mahali maji yanapozibwa, akasema, "Hii ni yako. Na usimwambie mwanamume yeyote inatoa kiasi gani."

Sikumwambia. Nduma za bondeni ndizo zinamsomesha binti yangu, Kendi, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Njiru anaamini Kendi anasomeshwa na kahawa, nami nimemwacha aamini, inampa raha kanisani. Lakini mimi najua hesabu ya nyumba yangu. Bonde likienda, Kendi anafunga sanduku na kurudi nyumbani kunisaidia kuchuma kahawa ambayo bei yake ni mbaya. Sina shamba lingine na sina kitu kingine duniani ambacho naweza kukiita changu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa ukumbini kupewa matokeo. Nilikwenda moja kwa moja kutoka bondeni, nimenawa mikono tu, maana sikuona sababu ya kuvaa vizuri kwa mambo ambayo nilishayamaliza. Maxine alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kumulika picha za duara na rangi. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Alisema wameitumia mashine hii sehemu nyingi, na kila mahali watu hugawanyika, wengine hivi, wengine vile. Hajawahi kuona jamii yenye umoja kama Gakirwe. Asilimia tisini na saba walikuwa na neno moja.

"Itafutwe mahali pasipo na mtu," akasoma.

Tukapiga makofi. Nilimgusa Lydiah kwa kiwiko. Wale asilimia tatu nadhani ni wazee walioshika simu kichwa chini.

"Na habari njema," Maxine akasema, "ni kwamba mahali hapo pamepatikana."

Makofi yakaisha.

Kumbe ile mashine, masikini, ilituamini. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akituamini hivyo. Ilichukua picha za kutoka angani ikaondoa kila penye bati. Ikaondoa kila penye hati ya shamba. Ikaondoa kila penye mita ya stima, kila penye kaburi, kila penye njia. Ikaendelea kuondoa mpaka kikabaki kipande kimoja, wakakizungushia mstari wa bluu. Niliutambua mto kwa jinsi unavyopinda. Ndani ya ule mstari palikuwa kijani kibichi, kijani kuliko kitu kingine chochote pale shukani. Nduma zangu, lazima niseme, zilitoka vizuri sana pichani.

Njiru alikuwa amekaa kando yangu. Akakohoa.

Nilimtazama Nyamu. Yeye alijua. Alijua kama anavyolijua jina lake kuwa tukisema mahali pasipo na mtu hatusemi habari za mahali. Tunasema hapana, ila tumeivisha nguo za kanisani. Mama yake alimlea kwa maneno hayo. Na kwa miaka yote aliyotumwa kwetu alikuwa akienda kutafuta, anarudi mikono mitupu, anaandika kwamba jamii inahitaji muda zaidi. Sasa alikuwa na mashine iliyopata. Alitazama dari.

Nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe anifundishe, sikumshukuru mtu.

"Pale kuna mtu," nikasema. "Ni mimi."

"Mama Kendi, asante sana kwa maoni yako," Nyamu akasema kwa ile sauti ya redio. "Lakini wazo hili halikutoka ofisini. Limetoka kwa wananchi wenyewe. Mfumo unaonyesha kuna mwananchi mmoja aliyelitoa mwanzo kabisa, halafu wenzake wakamuunga mkono. Sisi ni nani kupinga sauti ya mwananchi huyo?"

Mwananchi huyo alikuwa amesimama mbele yake na tope la bondeni kwenye visigino. Nilitaka kumwambia. Nikaona nikisema nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe na kukikaza.

"Hapana, subiri," Maxine akasema. Nilimpenda kidogo hapo, maana alikuwa wa kwanza kulitamka neno hilo katika ukumbi ule. "Mama anaweza kuwa na haki. Picha haionyeshi kila kitu. Mfumo unakubali kusahihishwa. Tunaiuliza tu jamii."

Akachapa chapa kwenye kompyuta yake. Akaeleza kuwa wananchi wakithibitisha kuna mtu anayelitumia bonde, mashine italiacha na kwenda chaguo la pili. Akabonyeza, na mstari wa pili ukatokea shukani, mwekundu. Ulianzia kwenye kahawa ya kina Njiru. Ukapita kwa Lydiah, ukakata kona ya kiwanja cha kanisa, ukazunguka nyuma ya nyumba nyingi tu, ukaishia kwenye ukuta wa shule. Kila mtu ukumbini alilitafuta bati lake, na nilisikia viti vikilia.

Kisha swali likaingia kwenye simu zetu zote. *Je, katika eneo la bluu kuna mtu anayelima au kulitumia?* Chini yake majibu matatu: Kuna. Hakuna. Sijui.

Nitakwambia ukweli, nilifurahi. Nilifikiri mambo yamekwisha. Mle ukumbini hamkuwa na mdomo ambao haujala nduma zangu. Pasta hula. Chifu hutumiwa za Krismasi. Harusi zote, matanga yote, na ule mchango wa kuezeka kanisa hili hili tulilokuwa tumekaa, masufuria yalitoka kwangu. Lydiah huzibua mitaro pamoja nami kila Jumamosi na huondoka na kikapu. Njiru mwenyewe hunibebea magunia hadi barabarani, akilalamika mgongo. Na kama lingekuwa baraza letu la zamani, lile lenye kasoro, chifu angeuliza tu, jamani, pale chini kuna mtu? Nani angethubutu kuinuka aseme hakuna, mimi nikiwa nimesimama pale namtazama? Hayupo. Wangekohoa, wangemshukuru Mungu, lakini wangesema yupo, Mama Kendi yupo. Wangeshindwa na haya, kama si na kitu kingine.

"Na kumbukeni," Maxine akasema kwa upole, "ni siri."

Watu zaidi ya mia mbili, hakuna anayekohoa. Nilibonyeza Kuna, nikainua kichwa. Lydiah alikuwa amevaa miwani, simu ameishika karibu na pua, midomo ikisoma. Pasta alifumba macho kidogo, nadhani aliomba. Njiru alikuwa amegeuka upande wa dirisha na kuifunika simu yake kwa kiganja. Nikadhani ni jua linamwangazia.

Mashine haikuchukua muda. Matokeo yakatokea shukani kwa herufi kubwa, na Nyamu akayasoma ingawa sote tunajua kusoma. Hakuna, mia moja thelathini na mmoja. Sijui, themanini na wanne.

Kuna, mmoja.

Niliihesabu ile moja. Haikuchukua muda.

Iliniuma. Sitaki kuzunguka, iliniuma. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na serikali, na Nyamu, na mashine, hata na Dallas yote na vyoo vyake. Sikuwa nimejiandaa kwa hili. Niliutazama mgongo wa kila mtu aliyekuwa mbele yangu, nikijua kila mgongo ni wa nani na ulikula nini kwangu. Hakuna aliyegeuka. Chifu aliomba makofi ya kilo moja kwa umoja wetu, yakapigwa, na safari hii yalipigwa haraka haraka.

Maxine alikuja nilipokuwa nimekaa. Alikuwa ameitazama ile tarakimu, kisha akanitazama mimi, na tabasamu lilikuwa limeondoka. Nafikiri alielewa, ila hakuwa na kitufe cha kitu alichoelewa.

"Mama, kuna nafasi ya rufaa," akasema. "Unaingia kwenye tovuti. Unahitaji watu hamsini wa kukuunga mkono."

"Ninaye mmoja," nikamwambia.

Aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi akanipa. Karatasi ilikuwa nzuri, nene.

Nikaondoka kwenda nyumbani, na hapo ndipo wema wa watu wa Gakirwe ulipoanza kufurika.

Wa kwanza kunifikia alikuwa pasta, kabla hata sijafika langoni mwa kanisa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama Kendi," akasema kwa sauti ya chini, "dunia imekuwa mbaya. Nataka ujue kuwa ile kura moja ilikuwa ya mtumishi wako."

Nikamwambia asante, pasta.

Mbele kidogo alinisubiri mwalimu mkuu, chini ya mwavuli. Yeye alisema elimu ya uraia ingali chini sana huku kwetu, na kwamba watu wengi walibonyeza bila kuelewa swali. Yeye alilielewa. Ile moja ilikuwa yake. Nikamwambia asante, mwalimu. Kisha chifu akapita na pikipiki yake, akasimama bila kuizima. Akasema yeye kama kiongozi hawezi kuchukua upande, sheria inamfunga. Halafu akatazama nyuma, akatazama mbele, akajigonga kifua kwa kidole kimoja, akakonyeza jicho, akaenda zake.

Lydiah alinifikia penye daraja akihema. Huyu alilia. Machozi ya kweli, siwezi kumsingizia, pua imemjaa, leso imelowa. "Mama Kendi, haki ya Mungu. Unanijua. Nani anazibua mitaro na wewe? Nilibonyeza Kuna. Wangu ndio ule mmoja, na nikashangaa wengine wote wako wapi."

Nilimpa leso yangu. Ningefanya nini? Kama angeniambia tu, Gatakaa, ule mstari mwekundu ulipita jikoni kwangu, nikaogopa, ningemnunia wiki mbili halafu tungekutana sokoni. Lakini hilo kwao halisemeki. Akaendelea kulia na kuniapia, na mimi nikawa namwambia nyamaza, nyamaza, najua, najua, mpaka akatulia na kuniuliza kama Jumamosi bado tutateremka. Alipoondoka nilisimama darajani nikafikiria nitamwambiaje Kendi. Ana mitihani mwezi ujao. Nilijaribu maneno mawili matatu kwa sauti, yote yakawa mabaya.

Njiru alikuwa amenitangulia kufika. Nilimkuta amesimama langoni, kofia mkononi, na nyuma yake kahawa imepanda mteremko, safi, imepaliliwa, hakuna aliyeigusa. Alinisubiri nifike karibu kabisa. Ana uso mzuri mume wangu, uso wa mtu ambaye hajawahi kumkosea mtu mbele ya watu.

"Mama Kendi," akasema, "usifikiri uko peke yako. Ile moja ilikuwa yangu."

"Yako."

"Yangu."

"Basi mimi nilibonyeza nini, Njiru?"

Alifikiri. Miaka yote hii namjua, najua akifikiri anatafuta nini. Anatafuta jibu ambalo halitamwaibisha mtu. Lilimchukua muda, kisha akalipata, na uso wake ukatulia. Akaniwekea mkono begani, taratibu kama kawaida yake.

"Labda ulikosea," akasema. "Hizi simu ni ngumu. Hata mimi nilikaribia kukosea."